Jahazi, Shwari na Kausha Damu: Kuyasoma Majina ya Mikopo ya Simu

Huenda tungo fupi zinazosomwa zaidi katika Kiswahili cha leo hazimo kitabuni, hazina mtunzi anayejulikana, na hakuna mwalimu atakayezitungia swali la mtihani. Zimo kwenye menyu ya simu yako. Okoa Jahazi. M-Shwari. Fuliza. Songesha. Nivushe. Nipige Tafu. Timiza. Bustisha. Kila moja ni neno moja au mawili tu, na kila moja ni jina la deni.

Nataka kuyasoma majina haya kama tunavyosoma shairi. Nani anasema? Anamwambia nani? Kipi kimetajwa, na kipi kimeachwa? Najua kuna watakaoona ni kazi ya kupoteza muda, kwamba jina la biashara ni jina la biashara tu. Lakini nimechoka kidogo na namna tunavyoizungumzia teknolojia kwetu huku. Upande mmoja kuna wanaohesabu watumiaji na miamala na kusema tumeendelea. Upande wa pili kuna wanaolalamika kwamba vijana wamezama kwenye simu na hawasalimii tena. Wote wawili wanairuka hatua ya kwanza kabisa: simu iliingia maishani mwetu kwa maneno. Kabla hujabonyeza namba, umesoma. Na ulichosoma kimeshaanza kukufikirisha kwa namna fulani.

Basi tuanze na bahari, maana ndiko majina haya yalikoanzia.

Okoa Jahazi ni huduma ya Safaricom ya kukopa muda wa maongezi, ambayo hutozwa ada ya asilimia 10. "Kuokoa jahazi" ni msemo wa zamani, na kila mpenzi wa soka anaujua: timu imefungwa, dakika zinayoyoma, anatokea mtu anasawazisha, ameokoa jahazi. Nguvu ya msemo iko kwenye neno la pili. Jahazi ni chombo cha watu wengi. Kina nahodha, mabaharia, abiria na shehena, na kikizama wanazama wote. Ukilitia neno hilo kwenye mkopo wa salio la shilingi 50, umefanya jambo la ujanja sana: umeipandisha hadhi shida ndogo ya mtu mmoja ikawa dharura ya wote. Hakuna anayepiga hesabu ya asilimia wakati jahazi linazama.

M-Shwari ilikuja Novemba 2012, ikiunganisha M-Pesa na benki ya CBA. Ilipoanza, mkopo wake ulikuwa wa siku 30 kwa ada ya asilimia 7.5. Yaani ukichukua 1,000 unarudisha 1,075. Inaonekana kidogo. Lakini ukikopa 1,000 ileile kila mwezi kwa mwaka mzima, utakuwa umelipa 900 za ada kwa ajili ya elfu moja ambayo wala haikukaa mfukoni mwako. Sasa litazame jina. Shwari ni bahari iliyotulia, na mtu wa bara akilisikia anaona amani: hakuna wimbi, hakuna hofu. Baharia wa chombo cha tanga hasikii hivyo. Kwake shwari ni kukosa upepo. Tanga linalegea, chombo kinasimama palepale kilipo, na mabaharia ama wanangoja ama wanashika makasia. Bahari imetulia kweli, lakini huendi popote. Sidhani kama waliolichagua jina walikusudia maana hii ya pili. Lugha ndiyo iliyoikusudia kwa niaba yao. Nimewaona watu waliokaa kwenye shwari ya namna hiyo miaka mitatu, wakikopa tarehe 28 ili walipe la tarehe 28 iliyopita.

Nivushe, ya mtandao uliojulikana kwa jina la Tigo hapa Tanzania, inatupeleka kivukoni. Yeyote aliyewahi kusimama Magogoni akisubiri pantoni ya Kigamboni anaielewa picha hiyo mara moja. Upande wa pili upo, unauona, na kinachokosekana ni chombo tu. Hapo ndipo picha inapodanganya. Kivuko kinakutoa ng'ambo moja na kukufikisha ng'ambo ya pili, kisha mnaachana. Mkopo wa wiki mbili wa kununulia unga hauna ng'ambo ya pili. Unga unaliwa, na wewe uko pwani ileile, ila sasa nauli inakusubiri.

Kisha kuna Fuliza, iliyoanza Kenya Januari 2019. Kamusi inasema kufuliza ni kuendelea na jambo bila kusimama. Huduma yenyewe inakuwezesha kukamilisha muamala hata kama salio halitoshi, kwa ada ya kuingilia na ada nyingine ya kila siku mpaka ulipe. Kwa maana hiyo ni jina sahihi kuliko yote, kwa sababu kinachofululiza ni ada. Songesha ya Vodacom Tanzania inafanya kazi inayofanana na hiyo, na jina lake lina undugu na kitenzi chenye nyuso mbili. Kusonga ni kwenda mbele. Kusonga pia ni kubana: tunasonga ugali, tunasongwa na mawazo, na tangu zamani tunasongwa na madeni.

*

Mtu atauliza: kwani ulitaka waziite nini? Hakuna mwenye baa anayeiita baa yake Kichwa Kesho. Mfanyabiashara husifia bidhaa yake, na Waswahili wamefanya biashara kwa maneno matamu karne nyingi kabla ya simu.

Ni kweli, na mfano mzuri ni khanga. Maandishi ya khanga, tunayoyaita "jina", ni tungo fupi na ni biashara pia. Khanga maarufu kuliko zote za Mombasa zilibeba alama ya "Mali ya Abdulla", yaani tangazo la muuzaji lilikaa kwenye pindo pamoja na methali, na hakuna aliyekasirika. Sina ugomvi na biashara kuandika.

Ila linganisha kinachotokea baada ya kununua. Mwanamke akichagua khanga, amechagua jina, na kuanzia hapo jina ni lake. Anajua atalivaa siku gani, atapita nalo mbele ya mlango wa nani, na yule aliyekusudiwa atajua bila kuambiwa. Kiwanda kimetunga, lakini msemaji ni mvaaji. Ana nafasi ya kukana pia: "Mimi nimejifunga khanga tu, kwani nimekutaja?"

Majina ya mikopo yanaigeuza hali hiyo. Yasome kwa sarufi. "Nivushe" na "Nipige Tafu" yana kiambishi cha nafsi ya kwanza. Anayesema ni mimi, mkopaji, na ninaomba. Nani alinitungia ombi hilo? Kampuni. Ninapobonyeza namba kwenye menyu, natia sahihi sauti ambayo si yangu. Halafu yageukie "Fuliza", "Songesha", "Timiza", "Bustisha". Hapa ni amri ya mtu mmoja kumwambia mwenzake, na safari hii anayesema ni kampuni, anayeambiwa ni mimi. Ukiyaweka pamoja unapata mazungumzo. Mmoja analia, "Nivushe!" Mwingine anajibu, "Songesha!" Sauti ni mbili, lakini zimetoka kwenye meza ileile ya idara ya masoko.

Na angalia kisichokuwepo. Katika orodha yote hii hakuna kitenzi cha kurudisha. Hakuna lipa, hakuna rejesha. Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga, na methali hiyo ina ncha mbili kwa makusudi, kwa sababu waliijua tabia ya deni kwamba lina sherehe mwanzoni na msiba mwishoni. Majina ya simu yamechukua nusu ya kwanza ya methali na kuiacha nusu ya pili. Hata ujumbe unaokuja mkopo ukikubaliwa huanza kwa "Hongera!", kama vile umefaulu mtihani au umepata mtoto. Harusi kamili.

Kwa haki, lipo jina moja ninaloliheshimu: Lipa Mdogo Mdogo, mpango wa Safaricom wa kumiliki simu janja kwa malipo ya kila siku. Unaweza kubishana na bei yake, lakini jina limekwambia kazi itakayokukabili: utalipa, na utalipa kwa muda mrefu. Kumbe inawezekana. Jina la kweli halikuua biashara.

Nusu ya pili ya methali, ile ya matanga, imehamishiwa kwenye sentensi moja ambayo kila Mtanzania anaijua kwa moyo, inayosomwa haraka mwishoni mwa kila tangazo la redio: vigezo na masharti kuzingatiwa. Isome polepole. Haina mtenda. Nani azingatie? Vigezo vya nani? Kwenye jina la mkopo kuna "mimi" na kuna "wewe". Tukifika kwenye masharti, watu wote wametoweka na imebaki kauli ya kutendwa.

*

Kuna kejeli ya kihistoria hapa inayostahili kukumbukwa. M-Pesa yenyewe ilianza kwenye mikopo. Mwaka 2005, majaribio yaliyosaidiwa na fedha za serikali ya Uingereza yalifanyika Kenya, na shabaha ilikuwa kuwasaidia wateja wa taasisi ya Faulu wapokee na walipe mikopo yao midogo kwa simu. Watu waliopewa simu hizo wakagundua matumizi mengine: wakaanza kutumiana. Huduma ilipozinduliwa rasmi Machi 2007, ilijitangaza kwa wito wa kutuma pesa nyumbani, na mwaka uliofuata ikaingia Tanzania.

Yaani watu wa kawaida waliuchukua mtambo uliotengenezwa kwa ajili ya deni wakaugeuza kuwa wa undugu. Kitenzi walichokipa kilikuwa na kiishio cha -ana: kutumiana. Mwana alitoka mjini akamtumia mama kijijini, mama akamtumia mjukuu ada ya shule. Miaka mitano baadaye deni likarudi mlangoni, safari hii likiwa limevaa nguo za bahari.

Sisemi kwamba lilirudi kama adui. Nimekulia kwenye nyumba ambayo mama alikuwa kwenye mchezo wa akina mama kumi na wawili, na zamu yake ilipofika tulinunua godoro. Najua pia mwezi ambao zamu ilikuwa ya mwingine na mtoto akaumwa usiku. Mtu anayeweza kupata shilingi 20,000 saa nane za usiku bila kumwamsha jirani amepata kitu ambacho bibi yangu hakuwa nacho. Yeyote anayeandika dhidi ya mikopo ya simu bila kusema hivyo, hajawahi kushikwa na saa nane za usiku.

Lakini nilisema "bila kumwamsha jirani", na hapo ndipo ilipo bei ambayo haimo kwenye asilimia.

Kukopa kwa mtu kulikuwa na adabu zake, karibu niseme kulikuwa na mtindo wake wa kifasihi. Hukurupuki. Unabisha hodi, unakaribishwa, unauliza hali za watoto, unasifia mti wa mwembe. Unakaa kimya kidogo. Kisha unasema, "Nimekuja na shida kidogo." Hata kitenzi hukichagui ovyo: unasema "niazime", si "nikopeshe", kwa sababu kuazima kunaahidi kurudisha kitu chenyewe, kama ungo au jembe, na kunalifanya deni lifanane na ujirani. Mwenye nyumba naye ana njia zake za kukataa bila kukataa. "Ungekuja jana." Duka la mtaani lina daftari na kibao kinachosema mkopo leo hakuna, njoo kesho, na mwenye duka yuleyule anamkopesha mzee wa jirani chini ya kibao hichohicho.

Mtindo huo ulikuwa na aibu ndani yake, na ulikuwa mchungu. Wasichana walijua aibu hiyo kuliko wavulana, kwa sababu wao ndio waliotumwa na kikombe kuomba sukari. Lakini aibu ilikuwa mwanzoni. Ukishaimeza, umeimeza mbele ya mtu mmoja, na mtu huyo sasa ana sababu ya kukusitiri: siri yako ni siri yake pia, maana kesho zamu ni yake.

Simu iliahidi kuifuta aibu hiyo, na iliifuta kweli. Hakuna hodi, hakuna "nina shida kidogo". Ila kwa wengi aibu haikufutika. Ilihamishwa kutoka mwanzo wa deni hadi mwisho wake.

*

Mwaka jana, mwezi Januari, nilipokea meseji saa nne asubuhi kutoka namba nisiyoijua. Ilikuwa na majina matatu kamili ya fundi cherehani anayenishonea nguo pale Mwananyamala, ikaniambia kwamba ni tapeli, amekula fedha za watu, na mimi niliye karibu naye nimwambie alipe leo. Baadaye ikaja na picha yake. Nilikuwa sijui chochote kuhusu mkopo wake. Namba yangu ilikuwamo kwenye simu yake kwa sababu aliwahi kunipigia kuniambia suruali iko tayari.

Programu iliyofanya hivyo sitaitaja, na si mojawapo ya huduma nilizozitaja hapo juu. Si haki kuziweka zote kapu moja: kuna huduma za mitandao ya simu na benki zinazosimamiwa, na kuna programu zilizopakuliwa kwa kubonyeza "ruhusu" mara tatu, mojawapo ikiwa ruhusa ya kusoma majina yote yaliyomo simuni.

Fundi alifunga kibanda siku tatu, katika msimu wa sare za shule, ambao ndio unaomlisha nusu ya mwaka. Nilipomkuta siku ya nne nilimwamkia kama kawaida, "Shikamoo mama," akaitikia bila kuinua macho kutoka kwenye cherehani. Nilikaa kwenye benchi. Baada ya muda akasema mwenyewe, kama anaongea na kitambaa:

"Mwanangu, hela nilichukua elfu sitini. Aibu waliyonipa ni ya milioni."

Nikamuuliza kwa nini hakuchukua kwenye kikundi chao cha kina mama, maana najua wana mchezo wa kila Jumamosi.

"Nilitaka nikope kimya," akasema. "Nisimsumbue mtu."

Nimeifikiria sentensi hiyo mara nyingi. Alitaka kukopa bila kumwamsha jirani, na kilichotokea ni kwamba waliamshwa wote: wateja, shemeji, sheikh, mwalimu wa mtoto, mtu aliyemuuzia uzi mara moja Kariakoo. Elfu sitini za kununulia kitambaa cha kaki na cha bluu.

Irudie sasa sarufi. Mkopo ulipotolewa, lugha ilikuwa ya "wewe": Hongera, umefanikiwa. Tarehe ya kulipa ilipokaribia, ikawa "mpendwa mteja". Ilipopita, ikageuka nafsi ya tatu: *yeye* ni tapeli, mwambieni *yeye*. Kumwongelea mtu mbele ya watu wake kama vile hayupo, hilo kwetu lina jina, nalo ni kusengenya. Tofauti ni kwamba msengenyaji wa mtaani angalau anajulikana sauti, na anajua kesho mtakutana bombani. Huyu hana bomba la kukutania.

*

Sheria zimeamka, na zimeamka kwa kuzitazama hasa meseji hizi. Kanuni za Kenya za watoa mikopo ya kidijitali za mwaka 2022 zinapiga marufuku vitisho na lugha ya matusi katika kudai, na zinakataza kuchukua majina ya simuni kwa mteja ili kuwaandikia watu wake anapochelewa. Mwaka 2023 Kamishna wa Ulinzi wa Data wa nchi hiyo alizitoza faini kampuni za mikopo kwa kutumia vibaya taarifa za watu. Tanzania ilipitisha Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022, ikaanza kutumika Mei 2023, na Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza hadharani orodha ya programu na majukwaa 69 yaliyokuwa yakikopesha bila leseni.

Hizi ni hatua za kweli, nami nazishangilia. Lakini sheria inaweza kukataza meseji ya mwisho. Haiwezi kuligusa jina la mwanzo. Hakuna kifungu kinachosema mkopo usiitwe shwari.

Kazi hiyo imefanywa na watu wengine, bila bunge. Miaka michache iliyopita mitaa ya Tanzania ilianza kuiita mikopo yenye riba kali *kausha damu*. Neno lilianzia kwa wakopeshaji wa mitaani waliokuwa wakiwazungukia akina mama kudai marejesho, likapanda hadi kwenye programu za simu, likafika redioni, likafika midomoni mwa wanasiasa. Wengine husema *mikopo umiza*. Nchini Kenya walichukua njia tofauti: hawakubadili jina, walilifanyia mzaha mpaka likachoka. "Nimefuliza" limekuwa kitenzi cha kawaida, mzaha wa kujicheka mwenyewe tarehe 15 mshahara ukiwa umeshakwisha. Nadhani kuna watoto Nairobi watakaolijua neno fuliza kama deni kabla hawajalijua kama kuendelea bila kusimama.

Kama mhakiki, naliona jina la kausha damu kuwa tungo bora kuliko zote zilizomo kwenye menyu. Lina kitenzi na lina mwili. Halisemi kuhusu bahari ambayo mkopaji wa Dodoma hajaiona. Linasema kuhusu damu, ambayo kila mtu anayo. Na, tofauti na Nivushe, limetungwa na wanaolipa. Hapa tumerudi kwenye khanga: msemaji ndiye mvaaji. Haishangazi kwamba waliolivumisha zaidi ni wanawake wa vikundi vya marejesho, watu wenye mazoea marefu ya kumwambia mtu ukweli kwa maneno mawili yaliyoandikwa kitambaani.

Hata hivyo, sitaki kulipamba mno. Kausha damu ni jina la lawama, na lawama ina mipaka yake. Linamtaja anayenyonya, halituambii tukakope wapi. Fundi wangu analijua neno hilo vizuri, na bado alibonyeza "ruhusu". Alijua mdomo wa mbwa una meno. Shida ni kwamba mlango mwingine uliokuwa wazi ulimtaka aseme "nina shida kidogo" mbele ya wanawake kumi na mmoja.

Kwa hiyo swali langu la mwisho si kwa kampuni. Ni kwetu sisi tuliosoma, wenye mshahara au tunaousubiri, tunaosifu simu kwa sababu inatuepusha na watu. Tumeipenda sana faragha ya kukopa kimya, na kwa kuipenda tumeacha kufanya mazoezi ya jambo gumu zaidi: kuombwa vizuri. Kusikia "nimekuja na shida kidogo" bila kugeuza uso, bila kuhubiri, bila kuhadithia kwenye kikundi cha WhatsApp jioni ileile. Mtu hukimbilia mashine pale anapokuwa na uhakika kwamba binadamu watamwaibisha. Mashine nyingine humwaibisha pia, ila huchelewa.

Kiswahili kina kiambishi cha -ana kwa ajili ya mambo yasiyofanywa na mtu mmoja: kupendana, kuzikana, kuazimana, kukopeshana, hata kudaiana. Kudaiana kuna ugomvi, lakini ni ugomvi wa watu wawili wanaojua nyumba za wenzao. Mtandao wa simu unaweza kunikopesha. Mimi siwezi kuukopesha. Unaweza kunivusha, kunisongesha, kunibustisha, kunipiga tafu. Vitenzi vyote hivyo vinakwenda upande mmoja. Jaribu kuyatia -ana majina yaliyomo kwenye menyu yako, uone ni lipi litakalokubali kwa maana ya wewe na simu yako. Nilijaribu yote manane niliyoyataja mwanzoni, nikakosa hata moja.